Dozi ya Saa Nane Mchana

Kabla hajanisalimia, Mukasine alinigombeza. Nilikuwa nimemfungulia geti barakoa ikiwa shingoni na mkasi mkononi, naye amesimama pale na jua la saa nne, viatu vimejaa vumbi, mkoba mkubwa mgongoni kama mwanafunzi wa bweni.

"Barakoa ni ya mdomo, si ya koo," alisema. "Mgonjwa yuko wapi?"

Nilimwonyesha mlango kwa kidole, maana ulimi ulikuwa umeshaandaa tusi na niliona nikifungua kinywa litatoka lenyewe. Mimi Zuwena ni fundi cherehani wa Rwezamenyo, hapa Kigali. Nimezaliwa hapa, nimegombana na wateja hapa miaka ishirini, na sijazoea mtu kutoka Kagarama aje kunifundisha adabu getini kwangu. Nikamfuata ndani nimefura. Baada ya nusu saa nilikuwa nimeshampenda, na hilo nalo liliniudhi.

Ilikuwa Aprili ya mwaka wa korona, wiki ya nne ya Guma mu Rugo. Kaa nyumbani: ndivyo ilivyotangazwa, na Kigali yote ikakaa. Hakuna basi, hakuna pikipiki, misikiti na makanisa kufuli. Baba yangu, mzee Usumani, alikuwa amerudishwa kutoka hospitali mwezi wa pili. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya kiuno na mgongo, na daktari alituambia waziwazi kwamba kilichobaki si kumponya bali kumwondolea maumivu, na kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani. Muuguzi atakuwa anakuja na dawa. Basi huyo ndiye aliyekuja.

Siku hiyo ya kwanza alinawa mikono mara tatu, akampigia baba goti la heshima, "Shikamoo, mzee," kisha akamgeuza ubavu kwa namna ambayo mimi na majirani wawili tulikuwa tumeshindwa bila baba kupiga kelele. Alikunja shuka, akalipitisha chini ya mgongo, akavuta, na baba akajikuta anatazama ukuta wa pili. Baba alicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu mwaka uanze.

"Wewe muganga umejifunza wapi?" baba aliuliza. Mjini kwetu kila anayeshika dawa tunamwita muganga.

"Karagwe, mzee. Tanzania. Nimezaliwa hukohuko."

Habari zake nilizipata vipande vipande, maana hakuwa mtu wa kukaa akasimulia. Wazazi wake walikimbilia Karagwe zamani, akazaliwa huko, akasoma uuguzi huko, akarudi Rwanda akiwa na miaka ishirini na saba, nchi aliyokuwa akiisikia kwenye midomo ya wakubwa tu. Sasa alikuwa na hamsini na moja. Mumewe, Norman, alikuwa dereva wa lori, na wiki zile alikuwa amekwama mpakani Rusumo, analala chini ya gari akisubiri majibu ya kipimo. Mwanawe Shyaka alikuwa nyumbani Kagarama anasoma chuo kwenye simu. Ndiyo maana nilimwita Mama Shyaka. Tangu alfajiri alikuwa njiani. Gari la hospitali lilikuwa moja na wagonjwa arobaini, kwa hiyo siku nyingi alitembea: mgonjwa wa Gikondo kwanza, halafu anashuka Kanogo, anapanda kwetu, na mara nyingine kuna mwingine upande wa Nyarutarama, ambako mlinzi wa geti humpulizia dawa ya kuua vijidudu mpaka kwenye nywele.

Nikimkaribisha kiti alikuwa anasema, "Nikikaa nitasinzia." Chai alikunywa amesimama dirishani. Hata akiongea na simu alikuwa anazunguka uani, anagusa nguo kwenye kamba kuona kama zimekauka, anafunga bomba linalodondosha, anainama kuokota sindano yangu iliyoanguka. Nilikuwa nachoka kumtazama. Na siku asipokuja nilichoka zaidi, maana nilikuwa nachungulia geti kila dakika kumi kama niliyeahidiwa mahari.

Kazi yake aliieleza kwa maneno machache. Baba atakufa, alisema, hilo siwezi kulizuia. Ninachoweza kuzuia ni kufa akiwa anapiga kelele. Aliniachia chupa ya morfini ya maji, bomba la plastiki la kupimia lisilo na sindano, na karatasi yenye visanduku. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku ile ya mwisho, maradufu, ili alale mpaka asubuhi. Kila akinywa, natia alama kwenye kisanduku.

"Usingoje maumivu yaje ndipo umpe," alisema. "Maumivu yakishaingia ndani, kuyatoa ni kazi. Sisi tunayawahi mlangoni. Umenisikia, Zuwena? Karatasi hii ndiyo macho yangu nisipokuwepo. Ukinidanganya hapa, mimi kipofu."

Nikamwambia nimesikia. Na wiki ile baba alilala. Alikula uji. Aliniuliza kwa nini kola ya shati la mteja nimeikata vile, tukabishana kuhusu kola mpaka jioni. Nilisema moyoni, alhamdulillahi, tumepata dawa.

Kisha mwezi ukaandama.

Usiku huo wa kuamkia Ramadhani baba aliniita akaniambia nimwamshe kula daku. Nilidhani ni mzaha. Nikamwambia, baba, mgonjwa hana saumu, hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Kaka yangu Twahiru, ambaye mipaka ilimfungia Goma, alimpigia simu akamwambia hivyohivyo. Shehe wetu naye akapiga, akamsomea aya, akamweleza kwamba Mungu amewapa wagonjwa ruhusa.

"Ruhusa najua," baba alijibu. "Ruhusa si amri, shehe."

Alipokata simu akanigeukia. Maneno yake nayakumbuka yote. "Msikiti, hakuna. Futari ya pamoja, hakuna. Kanzu za Idi, hakuna wa kushona, hakuna wa kuvaa. Nimefunga Ramadhani toka niko na miaka tisa, Zuwena. Hii ndiyo ya mwisho, mimi najua na wewe unajua. Saumu ndiyo iko imebaki mkononi yangu. Usininyang'anye."

"Na Mama Shyaka?"

"Huyo atakataa. Usimwambie. Niapie."

Nikaapa. Ningefanya nini? Nilishika mkono wake uliokuwa umebaki mishipa na mifupa, mkono ulionifundisha kushika mkasi, nikaapa kwa jina la Mungu kwamba sitamwambia muuguzi. Huo ndio ulikuwa upumbavu wangu wa kwanza, nao ulikuwa na sura ya utii.

Baba alikuwa anakunywa dozi moja kwenye daku, kabla ya alfajiri, halafu hakuna kitu mpaka jua lizame. Saa nne ilipita, saa nane ilipita. Na mimi, kila saa ya dozi, nilikuwa natia alama kwenye kisanduku kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini alama hazikutosha. Mukasine alikuwa na tabia ya kuinyanyua chupa kwenye mwanga wa dirisha na kutazama imeshuka kiasi gani. Kwa hiyo nilikuwa napima dozi ambayo baba hakunywa, vizuri kabisa, naivuta kwenye bomba mpaka kwenye mstari, natoka nayo uani nimeificha kwenye kiganja, naimwaga chooni. Mara mbili kwa siku. Kuna watu kwenye mlima huu waliokuwa wanalia kwa kuikosa dawa ile, na mimi naimwaga chooni huku nikisema bismillah kwa mazoea. Mungu anisamehe.

Mukasine alikuja siku ya tatu ya mfungo, saa tano. Alimkuta baba ameuma kona ya shuka, jasho linamtiririka.

"Ameamkaje?"

"Vizuri."

"Dozi ya saa nne?"

"Amekunywa."

Alitazama karatasi. Alitazama chupa. Alinitazama mimi, na mimi nikatazama cherehani. Baba alitoa shuka mdomoni akasema, "Maumivu iko, muganga, lakini iko kidogo," na mtu yeyote mwenye masikio alisikia kwamba si kidogo. Mukasine akatoka uani na simu, akizunguka, akigusa nguo, akampigia daktari. Nilisikia akisema: anakunywa zote, chupa imeshuka inavyotakiwa, na bado anaumia. Akarudi ndani. Daktari alikuwa ameongeza dozi, kutoka mililita tano hadi nane.

Siku ya sita akaja tena, akakuta hali ileile, na ikaongezwa hadi kumi. Alikuwa amekunja uso. Alinishika bega na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba saratani inakwenda mbio kuliko alivyofikiri, nijiandae. Nilimwitikia kwa kichwa. Nilikuwa namwona akijilaumu, anarudia kumpapasa baba mgongo, anauliza hapa, na hapa, anatafuta kosa lake mahali ambapo kosa lilikuwa langu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu vya kutosha kunitesa.

Usiku sikulala tena. Mchana nilikuwa nashona barakoa za majirani, mistari inakwenda kombo, nafumua, nashona, nafumua. Nikisikia baba ananguruma kwa ndani nainuka, nafika mlangoni, narudi. Nilitaka kumpa dawa kwa nguvu. Nilitaka kumpigia Mukasine. Nilitaka amri ya kukaa nyumbani iishe nitoke nikimbie mpaka Nyabugogo na kurudi, bila sababu, ili miguu ifanye kitu.

Siku ya nane, kwenye daku, baba alipomeza dozi yake ya mililita kumi alibaki ameshika bomba.

"Nipe na ya saa nne," alisema. "Zote mbili sasa. Mchana iko mrefu sana."

"Baba, hiyo ni nyingi."

"Si ni zangu? Zimeandikwa kwenye karatasi, kila siku unatia alama. Nitakunywa saa hii badala ya ile."

Nilifanya hesabu ya fundi: kitambaa ni kilekile, ukikate asubuhi au mchana. Nikampa. Akala tende moja, akanywa maji, akatia nia, akalala.

Saa moja asubuhi nilikwenda kumgeuza na hakugeuka. Nilimwita, nikamtikisa, nikampiga mashavuni. Alikuwa anapumua, lakini anavuta pumzi moja halafu anakaa, anakaa, mpaka unajikuta wewe mwenyewe umeacha kupumua ukimsubiri. Nilimpigia Mukasine nikilia. Alikuwa ameshafika Gikondo.

"Hesabu pumzi dakika nzima, uniambie," alisema. Nilihesabu. Tisa. "Mwinue kichwa, mlaze ubavu, mwite jina lake usinyamaze. Usimpe kitu chochote mdomoni. Zikishuka chini ya nane niambie niite ambulensi. Nakuja."

Alikuja kwa dakika arobaini. Baadaye alinieleza kwamba polisi wa kizuizi alimsimamisha, "Mama, unakimbia wapi? Kibari iko?" naye akamwambia kibali kipo, mgonjwa naye yupo, na kama anataka kusoma kibali akimbie naye akisoma. Kwa jinsi alivyoingia, kifua kinapanda na kushuka, barakoa imelowa, niliamini kila neno.

Alimfungua baba macho kwa kidole, akamulika na tochi ya simu. Mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Akamsugua kifua kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu, "Mzee Usumani! Mzee! Amka, nimekuja!" Baba akaguna. Mukasine akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Karatasi."

Nilimpa. Akaisoma. Akainyanyua chupa dirishani.

"Kwa hii karatasi," alisema polepole, "huyu mtu hawezi kuwa hivi. Mwili uliozoea dozi hizi hauzimwi na mililita kumi. Zuwena. Baba yako amekunywa nini?"

Nilikuwa nimeapa kwa Mungu. Nilimtazama baba, mdomo wazi, pumzi moja, kimya, pumzi moja. Nikavunja kiapo. Nilimwambia yote: daku, visanduku, choo, dozi mbili kwa mpigo. Nilisema haraka kama mtu anayetapika, na nilipomaliza nilisubiri.

Nimegombezwa na watu wengi maishani, wengine wataalamu, lakini sijawahi kugombezwa vile. Hakupaza sauti, baba alikuwa ubavuni. Aliniambia nimemfanya aongeze sumu kwa mkono wake akidhani anasaidia. Aliniambia ameshapoteza usingizi siku tano akitafuta amekosea wapi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, "na wewe hukuficha maradhi tu, umeficha na dawa!" Aliniuliza kama najua mililita moja inafikaje Rwezamenyo, kwa miguu ya nani. Alisema mengine kwa Kinyarwanda ambayo sitayaandika. Na muda wote huo mkono wake ulikuwa juu ya kifua cha baba, unahesabu.

Saa sita baba alifumbua macho vizuri, akatuona wawili tumemwinamia, akaelewa.

"Umesema," aliniambia.

"Amesema, na ndiyo maana unaongea," Mukasine alijibu. Akavuta kiti, akakaa karibu ya kitanda. "Sasa niambie wewe mwenyewe, mzee. Mimi ni Msabato, mambo yenu siyajui. Usinidanganye tena, mimi si mkwe wako. Unataka nini?"

Baba alimwambia yaleyale aliyoniambia mimi, ya msikiti na futari na miaka tisa. Alisema taratibu, anatafuta maneno kwenye ukungu wa dawa. Mukasine alisikiliza. Alimuuliza, na maumivu? Baba akasema, maumivu anayajua, ni wageni waliokuja juzi. Ramadhani amekaa nayo miaka sitini na tano.

"Na nikikupa dawa ya daku na futari tu, ikushike mchana kutwa, utakunywa? Kweli?"

"Iko dawa kama hiyo?"

"Ipo. Vidonge, vinashika masaa kumi na mawili. Ni vichache. Sijui kama nitavipata." Aliinuka. "Ungeniambia siku ya kwanza, mzee, ningekuwa nimeshavitafuta. Mmenichukulia kama askari wa mlangoni."

Baba akasema, "Nisamehe, binti yangu," na Mukasine akasema sawa, akaanza tena kuzunguka chumba.

Alivipata. Ilimchukua siku mbili, simu kwa daktari, barua mbili, na kutembea kutoka duka moja la dawa la hospitali hadi jingine. Alivileta kwenye bahasha, akahesabu dozi upya kwa kile baba alichokuwa amekunywa kweli. Chupa ya morfini ya maji aliiacha kando ya kitanda kwa masharti yake mwenyewe. Maumivu yakivuka katikati ya mchana, baba ana haki ya kuomba mililita tano, saa yoyote, na anayeamua ni yeye peke yake. Na mimi kazi yangu ni kuandika ukweli. Aliniandikia juu ya karatasi mpya, kwa kalamu nyekundu, neno moja: KWELI.

Na ikafaa. Siku kumi na moja baba alifunga. Si kwamba hakuumia; aliumia, lakini maumivu yalikuwa nje, alisema, yanabisha hodi bila kuingia. Alifuturu tende na uji wa mtama. Aliswali kwa macho, amelala. Guma mu Rugo ilikuwa imelegezwa kidogo, magari machache yalianza kupita, na majirani walioniona sokoni walikuwa wanasema, mzee Usumani anafunga, kwa maradhi yale! Nilikuwa nawajibu kwa unyenyekevu wa uongo. Ndani nilikuwa nimevimba. Kwa simu nilimhesabia Twahiru: kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Mtaa mzima ulikuwa umesikia. Nilianza kusema tutamaliza, tutafika thelathini, kana kwamba aliyelala na saratani mifupani ni mimi.

Siku ya ishirini, saa nane mchana, baba aliniita.

"Zuwena. Nipe ile ya chupa."

Nilikuwa kwenye cherehani. Nilisikia vizuri. Nikasema, "Baba, masaa manne tu yamebaki."

"Nipe."

"Umefika ishirini, baba. Vumilia kidogo. Ngoja nikugeuze, labda ni mgongo."

Nikamgeuza. Nikamfuta jasho. Nikamwambia ngoja nimalize mshono huu, nikarudi kwenye cherehani, nikashona, naona mguu wangu unakanyaga na sijui nashona nini. Nikatoka uani nikaanua nguo ambazo hazijakauka. Nilikuwa najiambia namsaidia. Kwamba akivunja saumu atajuta jioni, na majuto yatamuuma kuliko mgongo. Kutoka chumbani aliniita tena, halafu mara ya tatu, sauti imekuwa ndogo.

Nilirudi. Alikuwa ameuma shuka, kama zile siku za uongo. Alilitoa mdomoni.

"Zuwena," alisema, "saumu ni yangu."

Nikavuta bomba kwa haraka nikaipita mililita tano, nikarudisha, nikapima upya. Alikunywa. Alinitazama akinywa, na hakukuwa na hasira machoni mwake, ningeiona. Ilichukua nusu saa nyingine mpaka uso wake ukafunguka. Kisha akalala. Jioni aliamka akafuturu kidogo pamoja nami kama kawaida, akasema uji una sukari nyingi. Kesho yake hakufunga, na kesho kutwa, baada ya jua kuchomoza, alikata pumzi nikiwa nimemshika mkono, kimya, bila maumivu. Tuliruhusiwa watu wachache kumzika. Twahiru alitazama kaburi kwa simu ya jirani.

Mukasine alikuja siku iliyofuata kuchukua dawa iliyobaki, maana ndiyo sheria, dawa ile hairithiwi. Alinawa mikono, akanipa pole kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, akasimama dirishani na karatasi. Alihesabu vidonge, akapima chupa kwenye mwanga. Akafika kwenye mstari wa siku ya ishirini.

"Mililita tano, saa nane na dakika ishirini na tano," alisoma. "Aliomba mwenyewe?"

"Aliomba saa nane kamili."

Akageuka.

Nikamwambia. Mshono, kugeuza, nguo za uani, mara tatu alizoniita. Dakika ishirini na tano, mtu ana mifupa iliyojaa moto, dawa iko umbali wa mkono, na binti yake anahesabu siku za mfungo ambao si wake. Nikamwambia kwamba karatasi imeandika kweli na bado imeficha, maana ina kisanduku cha saa aliyokunywa na haina cha saa aliyoomba. Niongezee, nilimwambia. Andika.

Nilikaza mwili kusubiri. Nilitaka yale ya siku ya nane, yote, na Kinyarwanda juu yake. Nilitaka aniambie mimi ni mtu wa namna gani, kwa sauti ile ya chini, ili niijue hukumu yangu na niibebe.

"Niandike asome nani?" alisema.

Akaikunja karatasi, akaitia mkobani pamoja na chupa. Aliniuliza kama nina mtu wa kukaa nami usiku wiki hii, nikasema jirani. Akavaa barakoa. Kulikuwa na mgonjwa mpya Gikondo, mama mmoja mwenye uvimbe wa titi, na alikuwa ameshachelewa. Nilimsindikiza mpaka getini, nikamwona anashuka mteremko haraka, bila kugeuka, mkoba unaruka mgongoni.

Mwanamke yule alimgombeza kila mtu. Polisi, daktari, Norman kwa simu kule Rusumo, mimi kwa sababu ya barakoa tu. Siku moja niliyomwomba kwa moyo wote anigombeze, alininyima. Ramadhani tano zimepita, na kila ikifika saa nane mchana bado namsubiri aje anitukane.